Glavu za Wifi

Tarehe 6 Februari

Wifi yangu mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na umekaa, maana ni ndefu. Huku mimi sijambo. Mvua haijakata wiki nzima, ukuta wa chumba changu umeota ukungu wa kijani, na jirani wa ghorofa ya juu amenunua viatu vya visigino virefu ambavyo huvijaribu alfajiri, wakati wenzake tumelala. Msalimie kaka yangu akirudi na lori lake. Wabusu watoto, na mwambie yule mdogo shangazi yake hajasahau mpira. Mama mwambie nimepata poda yake.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu imeshatushinda. Mtu akikatiwa simu mara mbili kwa siku moja na wifi yake, hana budi kutafuta kalamu. Barua angalau huwezi kuikata katikati, ingawa nakujua, unaweza kuichana.

Nilipokuja mwaka mpya nilikaa kwenye kile kibenchi cha saluni yako nikakutazama ukimsugua magaga mwalimu mkuu kwa mikono mitupu. Mitupu kabisa, wifi. Vidole vyako vilikuwa vinapita katikati ya vidole vya miguu yake kama unatafuta hereni iliyodondoka. Mimi kazi hii nimeisomea, cheti changu kiko kwenye fremu, na siku ya kwanza darasani kabla hatujaonyeshwa hata kikata kucha tulionyeshwa glavu. Wewe uliyejifunzia uani kwa jirani yako sikulaumu. Najua kule uani hakukuwa na siku ya kwanza.

Lakini ya mwalimu mkuu shauri yenu. Mimi naandika kwa ajili ya miguu ya Mama. Unajua ana sukari. Unajua nyayo zake zimekufa ganzi kiasi kwamba unaweza kumkanyaga akakuuliza mbona umesogea. Mtu wa namna hiyo akikatwa kidogo tu hasikii, asiposikia hatibiwi, na mwisho wa safari hiyo ni daktari mwenye msumeno. Nina mama mmoja tu. Na yuko kwako.

Nimekutumia boksi la glavu, pamoja na hiyo poda ya Mama. Usimguse Mama bila glavu. Na tafadhali usizifuje, hizi hazichumwi mtini, zitunze zidumu.

Ni mimi wifi yako, kwa upendo.


Tarehe 27 Februari

Wifi yangu mwenye cheti,

Barua imefika, nami nilikuwa nimekaa kama ulivyoelekeza. Sisi wazima. Kaka yako amerudi, amelala siku mbili, ameondoka tena. Nyumba hii anaijua kwa dari yake tu. Watoto wamekuwa na mafua wakapona. Kuku mwekundu ametaga ndani ya sanduku langu la taulo, nami nimemwachia, maana katika nyumba hii ndiye peke yake asiyenifundisha kazi. Mama mzima, anakula, anagombana na redio. Poda kaipokea, kainusa, akasema umekonda. Usiniulize ameona nini kwenye poda.

Asante kwa glavu. Nimeguswa sana, hasa kwa kuwa boksi lilikuja limeshafunguliwa, nikajua umezionja kwanza kuhakikisha hazina sumu. Kuna moja ina rangi nyekundu ya kucha kwenye kidole gumba, kwa nje. Ni mtindo wa huko? Hapa hatujaufikia.

Siku ya kwanza nilizivaa mbele ya mwalimu mkuu. Akauvuta mguu wake kutoka kwenye beseni akaniuliza, "Umeniona nina nini?" Nikamwambia wifi yangu wa mjini amesema. Akauliza kama wifi yangu amewahi kuuona mguu wake vizuri, au aliuona kwa mbali akatishika. Nikambembeleza mpaka akaurudisha, lakini alikaa amekunja uso na hata maji ya moto hakuyasifia kama kawaida yake. Yule mdogo wetu wa mpira naye alipuliza moja ikawa kiwele cha ng'ombe, akazunguka nayo mtaa mzima akiuza maziwa.

Kwa kuwa hukuuliza, acha nikuambie tulivyokuwa tunafanya huku uani. Kila mteja akiondoka nanawa kwa sabuni ya kufulia mpaka kwenye viwiko, tena kwa brashi. Vikata kucha na vikwanguo nachemsha kwenye sufuria ile nyeusi, beseni nalisugua kwa dawa. Mikono yangu imechubuka kwa sabuni mpaka kaka yako hunikwepa nikimgusa shavu. Lakini hiyo ni elimu ya uani, tuiache.

Usiwe na wasiwasi. Nimeisoma barua yako mara tatu na nitaifuata neno kwa neno, nisije nikaambiwa siku moja kwamba sikuambiwa.

Wifi yako wa mikono mitupu.


Tarehe 30 Machi

Wifi yangu mpenzi,

Samahani nimechelewa. Kazi imebana, kila mtu mjini ameota miguu mwezi huu. Mimi mzima isipokuwa mgongo. Ukungu wa ukutani sasa una umbo la mtu, nimeuzoea, tunasalimiana.

Nimefurahi kusikia unavaa. Mwalimu mkuu atazoea, hata kiti cha daktari wa meno watu wamekizoea. Ungeiona saluni yetu usingeshangaa tena. Viti vya ngozi vinavyolala, vioo mbele mtaa mzima utuone, na sisi sote ndani tumevaa glavu nyeupe tangu tunapofungua mpaka tunapofunga. Mteja akipita nje tu akaziona, anaingia. Tajiri yetu husema glavu ndiyo usafi wenyewe, mengine ni mbwembwe. Ni mwanamke mkali lakini biashara anaijua.

Kuhusu kuchemsha sufuria na kusugua viwiko, usijiumize sana, ngozi yako itaisha. Ukiwa na glavu mkono haugusi kitu. Hiyo ndiyo faida yake.

Mama anaendeleaje na viatu vile vya wazi nilivyomletea? Mwambie asivivue ovyo akatembea peku. Nilimpigia Jumapili, akapaza sauti "mimi mzima, mwanangu, kula" kisha nikasikia simu inawekwa juu ya meza, na taarifa ya habari yote nikaisikiliza mpaka mwisho.

Wifi yako.


Tarehe 2 Mei

Wifi,

Salamu kutoka kwa sisi sote. Kaka yako yuko safarini, ametuma ujumbe kwamba gurudumu limepasuka lakini yeye hajapasuka. Mkubwa amefaulu hesabu, mdogo ameng'oka jino la mbele na sasa anapiga mluzi bila kutaka. Kuku mwekundu ameangua vifaranga, wote weusi, hatumuulizi. Fundi cherehani wa mlango wa pili amepaka duka lake rangi ya chungwa na tangu hapo hakuna mteja anayekubali kwamba kitambaa ni cha bluu.

Saluni inakwenda vizuri. Nakiri ulikuwa na haki, na naandika neno hili kwa wino ili ukipenda uliweke nalo kwenye fremu. Wateja wamezizoea glavu, wengine sasa wanakuja kwa ajili ya hizo hizo. Hata mwalimu mkuu amewaleta walimu wawili. Wanasema, siku hizi pale kuna usafi wa mjini.

Nafanya kama mnavyofanya ninyi. Asubuhi nikifungua mlango navaa jozi yangu, jioni nikifunga naivua. Naisuuza kwenye maji ya beseni, naianika kwenye kamba kwa vibanio, kesho inaendelea. Jozi moja inanifikisha wiki nzima, na zaidi isipochanika; ulisema zidumu, nazo zinadumu. Sabuni siimalizi tena. Mikono yangu imekuwa laini kama ya bibi harusi. Sufuria nyeusi nimeirudisha jikoni, inapika maharage. Mama namfanyia mwisho kabisa, baada ya wateja wote, na glavu zangu mkononi, kama ulivyoagiza. Sijawahi kumgusa bila glavu hata siku moja.

Naona giza linaingia na nina nguo za kuanua. Nitaandika tena.

Wifi yako mtiifu.


Tarehe 14 Mei

Wifi,

Sisalimii, utanisamehe.

Barua yako imefika leo asubuhi, nimeisoma kazini nimesimama. Umenipa habari za gurudumu, za jino la mtoto, za vifaranga na rangi yao, za fundi cherehani ambaye hata simjui. Habari za Mama hukuniandikia. Umenieleza unamfanyia saa ngapi. Yukoje, hukusema.

Mama yukoje?

Na hilo la jozi moja. Nani alikwambia jozi moja? Glavu ni ya mteja mmoja, anaondoka, unaivua, unaitupa, unanawa mikono kwa sabuni, unavaa nyingine. Kila mteja. Hata glavu yenyewe inahitaji mikono iliyooshwa kabla na baada. Vifaa vinachemshwa pale pale, glavu au pasipo glavu. Wewe umechukua magaga ya mwalimu mkuu, kucha zenye fangasi za walimu wenzake, funguo za mlango, noti za wateja na pua ya mtoto, vyote umemkusanyia Mama jioni kwenye mguu ambao hausikii. Ungekuwa na mikono mitupu ungeona uchafu ukanawa.

Nimepiga simu sijui mara ngapi tangu asubuhi. Inaita mpaka inachoka. Ya kaka haipatikani kabisa. Andika leo. Mpe dereva wa basi la usiku, nitaifuata kituoni mwenyewe.


Tarehe 11 Juni

Wifi,

Barua yako niliipata kwa wakati wake. Dereva wa basi hana kosa, usimgombeze.

Habari za hapa ni nzuri. Mvua imepungua. Mkubwa amepata viatu vya shule.

Umeniuliza nani aliniambia jozi moja. Sina haja ya kufikiri sana, barua zako ninazo. Ulisema nisizifuje. Ulisema nizitunze zidumu. Ulisema ninyi mnavaa tangu mnapofungua mpaka mnapofunga. Ulisema nisijiumize na sabuni, maana ukiwa na glavu mkono haugusi kitu. Wifi, mimi ni mtu wa uani, nikiambiwa na mwenye cheti naamini. Nilitaka mwaka mpya ukija ukae kwenye kile kibenchi ukose la kusema. Nilikuwa na hamu kweli ya kukuona umekosa la kusema.

Nami nina swali, na hili nilikuuliza mwezi wa pili ukalipita kama hulioni. Ile rangi nyekundu kwenye kidole gumba ilitoka wapi? Glavu mpya haipaki watu rangi. Na nyingine zilikuwa na poda iliyogandana, kama kitu kilichooshwa kikapakwa poda kikarudishwa kwenye boksi.

Mama anapumzika. Kidole chake kidogo cha mguu wa kushoto kimebadilika rangi kidogo. Nilimkata pembeni ya ukucha mwezi wa nne, kidogo sana, hata damu haikutoka ya maana, na yeye alikuwa anacheka na redio. Nikaona kitapona. Nimekuwa nikikiosha kwa maji ya chumvi. Kuna harufu, lakini siyo kila siku. Anasema haumwi, na mimi nilitaka kumwamini.

Simu niliiona ikiita. Nilikuwa naigeuza kifudifudi.


Tarehe 18 Juni

Wifi,

Mpeleke hospitali. Usimalize kusoma. Acha barua hapo ulipo, mwite hata yule fundi cherehani wa mlango wa pili, mbebeni Mama hata akiwatukana, na msikubali kuambiwa mrudi kesho. Waambie ana sukari, waambie kuna harufu. Ukirudi ndiyo usome yanayofuata, na hayataki haraka.

Zile glavu zilitoka kazini. Tajiri yetu hununua boksi moja la mbele, la kuonyesha. Jioni tunazivua, tunaziosha kwenye sinki la nyuma, tunazipaka poda, tunazirudisha ndani ya boksi, asubuhi tunachomoa moja moja mbele ya mteja kwa madaha kama tunamfungulia zawadi. Mteja hutabasamu. Nami hutabasamu. Niliyokuandikia ya kutupa na kunawa ndiyo niliyosomea, siyo niyafanyayo. Mwaka wa nne sasa sijayafanya. Nilichukua boksi moja la nyuma, la zilizokwisha kuoshwa, nikakupelekea, nikakusimanga kwa kitu ambacho mimi mwenyewe nakifanya kwa uongo. Swali lako nililiona. Sikujibu kwa sababu jibu lilikuwa hili.

Nilikuona mwaka mpya una mikono safi kuliko yangu, nikaona aibu, na aibu yangu nikaigeuza mahubiri. Sabuni ile ya viwiko ndiyo iliyokuwa inamlinda Mama miaka yote hiyo, nami ndiye niliyekuambia uiache. Kosa ni langu, wala sitaki unipunguzie.

Nimeomba ruhusa ya kuja. Tajiri ameuliza nani atafanya miguu ya mwisho wa wiki. Nimemwambia afanye mwenyewe, na aanze kwa kubadilisha glavu. Kwa hiyo kazi nadhani sina. Nangojea neno lako moja tu, nijue nakuja kumwona Mama wapi. Nina woga wa hilo neno.

Barua hii nampa dereva wa basi la usiku; simu nayo ipokee, wifi. Tafadhali.


Tarehe 9 Julai

Wifi yangu,

Mguu upo. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ungeruka mistari. Nilikutumia ujumbe wa simu kwamba yuko hai, yuko hospitali, na usije kwanza mpaka nikuandikie, lakini mengine sikuweza kuyasema kwa mdomo, nikaona niyaandike.

Tulimpeleka siku ile ile barua yako ilipofika. Fundi cherehani alimbeba mgongoni, Mama akimwambia njia nzima kwamba rangi ya duka lake inaumiza macho. Daktari aliufungua ule mguu, akaniuliza nani humkata kucha. Nikasema mimi. Akauliza kwa vifaa gani, nikamwambia, akaniuliza glavu navaa, nikasema navaa, daktari, tena sana. Akatikisa kichwa. Alisema tungechelewa wiki nyingine angekata chini ya goti. Wameondoa vidole viwili, cha mwisho na jirani yake. Usaha ulikuwa umeanza kupanda, wameuzuia.

Anayemfunga kidonda ni muuguzi mmoja msichana, hana maneno. Ananawa, anavaa glavu, anafungua bendeji. Anazivua, anazitupa, ananawa, anavaa nyingine, anasafisha. Anazivua hizo nazo, anazitupa. Nikamwambia mbona bado nzuri, angeziweka. Alinitazama kama mtu aliyeombwa kuazima mswaki wake. Nikatoka nikaenda kulia chooni, kwa sababu kumbe kilikuwa kitu chepesi hivyo, na mikono yangu ilikuwa inakifanya zamani bila cheti wala glavu, mpaka nilipotaka kukukomoa.

Saluni nimeifunga. Wateja wote nimewapitia majumbani mwao mmoja mmoja nikawaeleza, nikawaambia wakiona kucha imebadilika waende kwa daktari. Mwalimu mkuu alikasirika, lakini alikasirika kwa adabu. Sufuria nimeitoa maharage. Nitafungua tena nikijua ninachofanya, na utanifundisha yale uliyosomea, siyo unayoyafanya.

Barua yako nilimsomea Mama yote. Nilidhani atalia. Nikamwambia, Mama, mwanao anasema kosa ni lake, lakini aliyekukata ni mimi, aliyeacha sabuni ni mimi, aliyeficha ni mimi. Nikaendelea hivyo kwa muda. Nilipomaliza akasema, "Yaani hata lawama mmeshindwa kugawana? Nyie mtagombania na jeneza." Kisha akaomba redio.

Kaka yako amefika juzi, amekaa sakafuni kando ya kitanda cha Mama kama mtoto, haondoki. Nilimwambia hukumu yoyote aniletee mimi. Akasema yeye alikuwa anaiona ile kamba ya glavu kila akirudi, akadhani ni mambo ya wanawake.

Mama ameuliza unakuja lini. Nilimjibu kesho kutwa, bila kukuuliza, na barua hii nampa dereva wa basi la usiku, kwa hiyo usinitie aibu. Chumba chako nimekifagia, vifaranga nimewahamisha. Kazi ikiwa huna, basi nauli ya kurudi usiitafute haraka.

Amesema akitoka hospitali miguu yake itafanywa na sisi wawili, kila mtu mguu wake, siku moja, saa moja, na hataki kusikia sauti ya mtu. Nimemwomba ule wa vidole vitatu uwe wangu. Amekataa. Anasema kila nikiutazama nalia, na machozi nayo si safi. Huo ni wako, wifi. Njoo.